Mtani wa Kichinook

Neno Chinook nililisikia mara ya kwanza Erdington, katika sebule ya nyumba ya wazee, nikiwa nimeshika kijiko cha uji wa mtu. Televisheni ilikuwa inaonyesha vita vya Afghanistan, kama ilivyokuwa karibu kila siku miaka ile, na msomaji habari akataja jina la helikopta iliyokuwa inatua kwenye vumbi. Ilikuwa nene, ina mapanga mawili juu, moja mbele na moja nyuma. Mzee mmoja aliyezoea kukaa dirishani, ambaye tangu nianze kazi pale sikuwahi kumsikia akivuka ndiyo na hapana, akainua kidole kuielekeza.

"Hilo ni jina la watu wa bibi yangu," akasema. "Wamelibandika kwenye lile dude."

Wafanyakazi wenzangu wakatazamana. Katika nyumba ya wazee mtu akisema jambo la ajabu watu hutazamana hivyo, kisha anaongezwa chai. Mimi sikumwongeza chai. Mimi ni Mzaramo, na Mzaramo akisikia habari imeanza hawezi kulala mpaka aijue mwisho wake. Nikamaliza kumlisha yule bibi wa uji, nikavuta kiti, nikamuuliza yule mzee: bibi gani?

Kazi yangu pale ilikuwa kuosha watu, kuwavalisha, kuwalisha na kuwageuza. Nilikuwa nakaa Lozells na mume wangu na binti yetu, na kila asubuhi nilipanda basi mpaka mjini, kisha jingine mpaka Erdington. Kwa kazi ile ilitakiwa uwe na mgongo na uwe na subira. Mgongo ninao. Subira niliazima kwa wenzangu Wakenya, ambao walikuwa wengi pale, wauguzi na wahudumu, na siku nyingine nilisahau kuirudisha na siku nyingine sikuikuta.

Yule mzee alinieleza kidogo kidogo, siku hadi siku, huku namfunga vifungo vya shati. Alizaliwa Kanada, pwani ya magharibi, mahali mto unapoingia baharini, na penye kiwanda cha kutia samaki kwenye makopo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Akalelewa na mwanamke mtu mzima aliyekuwa anakata samaki pale kiwandani. Yule mwanamke alikuwa Mchinook, mtu wa kabila lililokaa kusini zaidi, kwenye mdomo wa mto mwingine mkubwa. Ndiye aliyemwita bibi mpaka anazeeka, na ndiye tu aliyemlilia sana katika maisha yake, aliniambia, kuliko hata mkewe. Kisha akaangalia mlangoni kama mke anasikia.

Kile kiwanda kilikuwa na wenyeji wa makabila mbalimbali, na Wachina, na Wajapani, na Wafini, na Waingereza. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Lakini walikuwa na lugha moja ya kufanyia biashara. Ilianza kwa hao Wachinook, kisha ikaokota maneno kwa kila aliyepita njiani. Hiyo ndiyo lugha aliyoanza nayo kusema duniani, kabla ya Kiingereza. Vita vikuu vya pili vikamleta Uingereza akiwa kijana, akamwoa msichana wa Birmingham, akaingia kiwanda cha magari Longbridge, akafunga milango ya magari mpaka akastaafu. Ile lugha yake hakupata tena mtu wa kuzungumza naye.

"Hukumfundisha hata mkeo?" nikamuuliza.

"Nilijaribu siku moja, akacheka. Nikafunga duka."

Hilo neno Chinook lenyewe lilikuwa na watoto wengi, na alinionyesha mmoja mmoja. Siku jikoni walipofungua makopo ya samaki wa kutia kwenye mikate, alisema samaki mkubwa kupita wote wa aina ile naye anaitwa Chinook. Siku theluji ilipoanguka, ikajaa uani halafu ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana, alisema kule Kanada, ng'ambo ya milima, kuna upepo wa joto unaoshuka katikati ya baridi na kuila theluji nusu siku. Watu wanatoka nje na koti mkononi wanashangaa. Upepo huo nao unaitwa Chinook. Kuna mbwa wanaoitwa hivyo. Kuna miji.

"Upepo, samaki, mbwa, helikopta," akasema. "Wamegawana jina kama nguo za marehemu. Halafu ukiwaambia kwamba ni watu, na kwamba wapo, wanashangaa."

Niliona haya kidogo, maana na mimi nilishangaa.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa anafanya usafi, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anapiga deki chumbani siku moja wakati mzee ananifundisha maneno ya mwili. Mdomo akauita lapush. Mkongo akasimamisha ufagio wake wa maji.

"Eh, mama! Huyu muzee anaongeaka Français? Lapush njo la bouche! Kinywa!"

Tulipomwambia mzee, akafurahi kama mtu aliyeletewa barua ya kwao. Ndiyo, akasema, maneno ya Wafaransa yapo, walipita kule wakinunua ngozi za wanyama. Asante yao ni masi. Mkongo akacheka mpaka akakaa kitandani, jambo lililokatazwa. Basi nami nikamweleza mzee habari ya Kiswahili: meza tumeichukua kwa Mreno, kitabu kwa Mwarabu, gari kwa Mhindi, na hapa Birmingham Mkenya, Mtanzania na Mkongo kila mmoja anakivuta upande wake na bado tunaelewana tukitaka. Mzee alinisikiliza sana. Akaniambia: "Basi wewe na mimi ni watu wa njia moja."

Nadhani hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Nilimjibu bila kufikiri. Nilimwambia, kama ni watu wa njia moja, basi sisi ni watani.

Akataka kujua mtani ni nini. Nikaacha soksi, nikamweleza. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka Tabora kuja pwani na mizigo, wanapita katika nchi yetu sisi Wazaramo. Ni safari ya miezi. Mtu akifia njiani hana ndugu wa kumzika. Basi watu wa njia ile wakazoeana: wewe ukifia kwangu nitakuzika, na mimi nikifia kwako utanizika. Na kwa sababu mtu atakayekufukia hawezi kuwa mgeni kwako, ukapewa ruhusa ya kumtukana na yeye akutukane, na hakuna kukasirika. Hata leo, msiba ukitokea, watani huja. Mtani anavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Anaziba njia, jeneza halipiti mpaka apewe chochote. Anamwambia maiti, amka basi, mvivu wewe, wali unaiva. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanatoka, wanacheka kwa lazima, na hiyo ndiyo kazi yake.

Mzee akauliza:

"Kwa hiyo mtani ndiye anayemzika mtu aliyefia ugenini?"

"Ndiye."

"Basi nahitaji mmoja."

Kuanzia kesho yake tukaanza kazi. Nilikuwa nikiingia chumbani kwake asubuhi napiga salamu ya lugha yake, klahauya, neno wanalosema wakikutana na wakiagana, kisha naunganisha kwa Kiingereza: "Klahauya, gogo lililooza, bado hujafa tu?" Naye anajibu: "Klahauya. Nakusubiri wewe utangulie." Namwambia nikifa mimi nani atakula wali wa matanga yake? Ananiambia mikono yangu ni ya baridi kama samaki wa jana, na kwamba Wazaramo wote kazi yao ngoma, njoo univue fulana. Ngoma za Wazaramo alikuwa amezisikia kwangu mimi mwenyewe. Nilimpa fimbo akanichapa nayo, na alinichapa vizuri.

Siku hizo alianza kula. Alianza kutoka chumbani, kukaa mezani na wenzake, kuwafundisha kuomba chakula kwa kusema makamak. Bibi mmoja aliyekuwa hakumbuki hata jina la mwanawe alilikumbuka neno hilo, na alikuwa akiligonga mezani kwa kijiko. Mwenzangu mmoja, muuguzi kutoka Nyeri, alikuwa anatutazama kwa wasiwasi.

"Aki dada, hizo jokes zenu za TZ zitakuletea noma hapa. Mtu akikuskia ukimwambia mzee akufe, utamwexplainia nini?"

"Ni mtani wangu."

"Wewe unajua ni mtani. Sasa wao?"

Nikamwambia Wakikuyu hawana watani ndiyo maana wanaona kila kitu ni kesi. Akacheka, akaondoka. Alikuwa ameona mbali kuliko mimi.

Mzee mwenyewe alilichukua jambo hili kwa uzito kupita nilivyotarajia. Asubuhi moja ya baridi alinipa skafu yake ya sufu, ya rangi ya kijani iliyopauka, akasema niiweke mpaka siku yenyewe, niivae niige anavyotembea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuta. Akanifundisha kuuburuta ipasavyo, anakosoa, hapana, si hivyo, hivyo unachechemea kama bata. Tukacheka wote wawili. Kisha akanishika mkono.

"Usiwaache wanipitishe kimyakimya kama kifurushi," akasema. "Nisalimie kwa sauti. Mtu mmoja tu anisalimie kwa lugha ile. Halafu mengine wafanye wapendavyo."

Nikamwahidi. Ningekosaje kumwahidi? Kwetu hilo wala si ahadi. Ni kazi, kama kuchota maji.

Alikuwa na binti yake mmoja, aliyekaa mbali kidogo na Birmingham, naye alikuja kila Jumapili. Jumapili mimi nilikuwa nyumbani Lozells, kwa hiyo tulikuwa hatujuani. Siku aliyotukuta ilikuwa katikati ya juma. Sijui kwa nini alikuja. Nilikuwa nimeacha mlango wazi kidogo, namfuta mzee mgongo, na nilikuwa na mori wa utani kwelikweli, kwa sababu alikuwa amenishinda kwa maneno siku iliyotangulia.

"Utakufa lini wewe?" nilikuwa nasema, kwa Kiingereza, tena kwa sauti. "Nimechoka kukuosha kila siku. Wali wangu unapoa!"

Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni ameshika maua.

Uso ule nimeukumbuka mara nyingi na sijapata neno baya la kuusema. Ningekuwa mimi, nimeingia hospitali Dar es Salaam nikamkuta mgeni asiye na asili wala fasili anamuuliza baba yangu atakufa lini, ningevua kiatu. Yeye hakuvua kiatu. Aliweka maua juu ya kabati taratibu, akamfunika baba yake taulo begani, akanitaka nitoke.

Mzee alijaribu. Nilimsikia kutoka koridoni akimweleza, anacheka, anakohoa, anarudi kucheka. Ni mtani wangu, anasema, ndiye atakayenizika. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Mwanamke yule aliona mzee wake amefundishwa kucheka anapotukanwa. Na mtu asiyejua utani angeona nini kingine?

Meneja alinikalisha ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama ni kweli nilimwambia mkazi wa nyumba ile maneno yale. Nikasema ndiyo, lakini. Nikaanza na wapagazi. Nikaona macho yake yanakwenda kwenye saa ya ukutani nikiwa bado sijafika hata Morogoro. Nilijaribu njia fupi nikasema ni desturi yetu. Akasema anaheshimu desturi za watu wote, ila mzee si wa desturi yetu. Jibu la hapo lilihitaji siku nzima. Hasira zilinipanda. Nikasema maneno fulani kuhusu watu wanaowatembelea wazazi wao mara moja kwa wiki kama mtu anayekwenda kununua samaki, na maneno hayo hayakunisaidia.

Sikufukuzwa. Meneja alinitetea kwa wenye nyumba ile ya wazee, nikahamishiwa nyumba yao nyingine, Longbridge, kusini kabisa mwa jiji. Sharti likawa nisikanyage Erdington na nisionane na yule mzee. Nilikuwa na binti wa kusomesha na mume aliyekuwa anabangaiza vibarua. Nikashukuru, nikaenda.

Ajabu ni kwamba reli ni moja. Treni ile ile inayosimama Erdington ndiyo inayosimama Longbridge, ukiivumilia tu inakuvusha jiji zima. Kiwanda ambamo mzee alifunga milango ya magari kilikuwa kimefungwa karibuni, na kutoka kwenye treni niliona mageti yake, na uwanja mtupu ambako zamani yalipangwa magari mapya. Mzee alikuwa ameniambia siku nyingi kwamba nikipita pale nikisalimie. Nilikisalimia, kimoyomoyo, maana abiria walikuwepo. Sikupata wa kumtania Longbridge. Wazee wa kule niliwaosha kwa adabu, nikawaita bwana na bibi, na kila jioni nilirudi Lozells nimechoka zaidi kuliko zamani.

Yule muuguzi wa Nyeri ndiye aliyekuwa daraja letu. Alikuwa akinipigia simu. "Mtani wako anakusalimia. Amesema bado hajakufa, kwa hivyo usikule rice ya watu." Nami narudisha matusi yangu, anakwenda kuyafikisha, anasema aliyafikisha kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza bangi. Hivyo tuliendelea majira yale yote. Kisha mama yake huyo muuguzi akaugua, akaenda Kenya, na daraja likakatika.

Aliporudi alinipigia mchana, nikiwa nakunja shuka.

"Dada, pole. Nimepata kitanda iko empty. Alishikwa na kifua, wakampeleka hosi. Aliishia huko."

"Wanazika lini?"

Akasita. "Hawaziki. Wanachoma. Alhamisi."

Nilikaa juu ya zile shuka. Nilimlilia mzee wa watu, mtu wa mto wa samaki, na nilijililia na mimi. Kwa dini yangu maiti hachomwi, na mume wangu aliniuliza nakwenda kufanya nini mahali kama pale. Nikamwambia nina kazi. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata kimoja, akasema kwa Kiingereza kwamba mama anakwenda kuaga rafiki yake, mwacheni. Nilitia skafu ya kijani kwenye mkoba.

Kwenye ukumbi wa pale wanapochoma maiti watu walikuwa wachache. Binti yake na mumewe, wazee wawili wa kiwandani waliovaa makoti ya suti yaliyowabana, meneja wetu wa Erdington, na mimi nyuma kabisa. Mchungaji aliyeongoza alizungumza vizuri juu ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alitaja kiwanda. Alitaja nyanya alizopanda uani na mpira aliopenda kuutazama. Alitaja Kanada kwa sentensi moja, kama kituo ambacho treni haikusimama. Mto hakuutaja, wala bibi aliyekata samaki. Muziki ukapigwa kutoka kwenye mashine. Jeneza lilikuwa mbele, na nyuma yake pazia la zambarau.

Nilijua hapo ndipo mahali pangu. Hapo ndipo mtani anapotoka, anaburuta mguu, anasimama mbele ya jeneza na kusema halipiti. Nilifungua mkoba. Skafu ilikuwa bado ina harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Maneno yalikuwa yamenijaa kinywani, klahauya na mengine yote, na miguu yangu ilikwisha kunyanyuka. Wakati huohuo binti yake akageuka nyuma akaniona.

Utani ni wa watu wawili. Aliyefiwa akijua, tusi ni dawa. Asipojua, ni tusi tu, na yeye alikuwa hajui. Ningesimama pale ningempa mama yule kidonda juu ya kidonda, mbele ya baba yake. Nilikaa. Jeneza likateleza nyuma ya pazia, na pazia likajifunga lenyewe kwa mota, kimya. Wakampitisha kama kifurushi, vilevile alivyonikataza. Hilo linaniuma mpaka leo. Nimelitazama kila upande na bado sioni ningefanya nini, na kutoona huko hakujalipunguza hata chembe.

Nje kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa natafuta njia ya kwenda kituo cha basi nikasikia viatu nyuma yangu.

"Wewe ndiye yule," binti yake akasema.

"Ndimi."

Nikasubiri maneno. Niliyastahili au sikuyastahili, nilikuwa tayari kuyapokea, ilimradi nimpe mtu kitu siku ile. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na mikono yake ilikuwa inahangaika na vifungo vya koti.

"Kule hospitali alikuwa na neno moja," akasema. "Walimtunza vizuri sana, sina lawama. Ila kila aliyeingia alimwambia neno hilo. Madaktari. Mtu wa chai. Mimi. Alikuwa ananiangalia usoni anasubiri. Wakaniambia ni akili inachoka." Akavuta pumzi. "Klahauya."

Alilitamka vizuri kunishinda. Labda alilisikia utotoni, nyuma ya mlango, kabla duka halijafungwa.

Nikamweleza pale pale kwenye manyunyu. Nilimweleza mto na kiwanda cha samaki na bibi Mchinook, ambaye hakuwahi hata kusikia habari zake. Nikamweleza wapagazi, na safari hii nilifika mpaka Tabora, kwa sababu hakutazama saa. Nikamtolea skafu. Nilimwonyesha jinsi baba yake alivyonifundisha kuburuta mguu, pale pale kwenye maegesho ya magari.

"Na wewe ulikuwa unamwambia nini asubuhi?" akauliza.

"Klahauya, gogo lililooza, bado hujafa tu?"

Akaziba mdomo kwa mkono. "Naye?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

Akacheka. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke, machozi na manyunyu yote usoni, na mumewe akiwa mlangoni mwa gari akawa hajui aje au asije. Nikawaza, haya basi, kazi imefanyika, ila imechelewa na mwenyewe hayupo. Kisha akaniachia bega.

"Sasa lile neno," akasema. "Mtu akikuambia hivyo, unatakiwa kumjibu nini?"

"Neno lilelile. Ni salamu tu. Wanaisema wakikutana, na wakiagana."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mimi nilikuwa namwambia, ndiyo, baba," akasema. "Kila mara. Ndiyo, baba. Ndiyo, baba."

Akaligeukia lile jengo la matofali, na bomba lake la moshi, akalisema neno lile kwa sauti, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Akasubiri, kama baba yake alivyomsubiri yeye. Hapakuwa na mwingine wa kuitika, basi nikamwitikia mimi.